Gia za mkono au otomatiki kwa njia za milima ya Kivu Kusini: naomba ushauri kabla hatujalipa

Katibu_Kahawa (Bukavu)

Wandugu, salamu kwenu nyote. Mimi ni katibu wa ushirika mdogo wa wakulima wa kahawa hapa Bukavu. Wanachama wetu wengi wako kando ya ziwa, upande wa Katana na Kalehe, na wengine wako juu kwenye vilima vya Kaziba, ambako njia ni ya udongo mtupu na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Kwa misimu mitatu tumekuwa tukiweka akiba ili tuache kukodi magari ya watu, na sasa tuna fedha za kununua gari moja lililotumika. Gari hilo likitushinda, hatutapata jingine kwa miaka mingi, na ndiyo maana naogopa kukosea.

Tumeonyeshwa Hilux mbili za kabini mbili, zote za dizeli, zote zinavuta kwa magurudumu manne na zina ile nafasi ya 4L, yaani gia nzito ya mwendo wa polepole kwa magurudumu yote manne. Umri wao unakaribiana na bei zinapishana kidogo sana. Gari la kwanza lina gia za mkono, yaani lina klachi, au ambreyaji kama tunavyosema hapa kwetu. La pili ni otomatiki.

Kamati imegawanyika. Dereva wetu ni mzee aliyeanza kushika usukani kwenye malori, naye anasema otomatiki ni gari la lami na kwamba kule juu litatuacha njiani. Wataalamu wetu wawili wa kilimo, kijana mmoja na dada mmoja, ambao ndio watakaoliendesha siku ambazo mzee hayupo, walijifunza kwa otomatiki na wanaona hofu ya mzee imepitwa na wakati. Mimi mwenyewe si dereva, kwa hiyo siwezi kuwaamulia.

Mambo yanayonisumbua ni haya. Tutapanda tukiwa na kilo 700 au 800 za kahawa mbivu, na mara nyingi tutalazimika kusimama katikati ya mwinuko kumpisha mtu kisha kuondoka tena. Tutashuka miteremko yenye utelezi kuanzia Septemba hadi Mei. Na tukiharibikiwa, tutakuwa mbali na fundi yeyote. Nawaomba mnipe sababu pamoja na uamuzi wenu, maana nitalazimika kuzieleza mbele ya wanachama, na wao watauliza.

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Bwana Katibu, nimefungua giaboksi za aina zote mbili kwa miaka mingi hapa Kadutu, na kwa kazi uliyoieleza mimi ningechukua gari la gia za mkono. Hata hivyo sababu yangu si ile ya mzee wako. Otomatiki iliyofungwa kwenye gari lenye 4L hupanda mlima vizuri sana, na mara nyingine hupanda vizuri kuliko gia za mkono. Shida yake iko mahali pengine.

Lifuate joto, utaelewa. Gari lenye mzigo likiwa limesimama kwenye mwinuko, injini inazunguka lakini magurudumu hayazunguki, kwa hiyo lazima pawe na mahali ambapo mwendo huo wa namna mbili unakutana na kulinganishwa. Hapo ndipo joto linapozaliwa. Kwenye gia za mkono, mahali hapo ni diski ya klachi, inayosuguana na chuma mpaka vishikane. Kwenye otomatiki ni konvata, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, ambamo feni moja inayozungushwa na injini huyasukuma mafuta hayo yaizungushe feni ya pili iliyounganishwa na giaboksi. Hakuna diski inayosuguana wakati wa kuondoka, na zaidi ya hapo konvata huiongeza nguvu ya kuzungusha takriban mara 2 katika ule mwendo wa kwanza. Kwa huku kwetu hilo si jambo dogo. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, maana yake imepungukiwa ikiwa bado iko ufukweni. Injini yenye tabo hustahimili zaidi, ila tabo huchelewa kuamka injini inapozunguka polepole, na hapo ndipo dereva wa gia za mkono hukanyaga mafuta kwa nguvu huku klachi ikiwa nusu, na diski ikaanza kuungua.

Lakini klachi inapoungua inanuka. Kila aliyemo ndani ya gari anajua, hata abiria, na dereva mwenye akili anasimama na kuiacha ipoe. Joto la otomatiki linaingia kwenye mafuta bila kumwambia mtu. Mafuta hayo hupozwa kwa kupitishwa kwenye rejeta, na kwenye magari mengi yanapita sehemu ya chini ya rejeta ile ile ya maji ya injini. Ukipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa nusu saa, na mzigo mgongoni, upepo unaoingia mbele ni mchache na konvata inateleza muda wote bila kuzifunga feni zake mbili zizunguke pamoja, hivyo mafuta yanazidi kuchemka. Yakipita nyuzi 120 za Selsiasi na kukaa huko, yanaanza kuharibika, na yakiisha kuharibika diski ndogondogo zilizo ndani ya giaboksi hukosa ulinzi. Siku ile gari linafika salama na watu wanamshukuru Mungu. Miezi sita baadaye linaanza kuchelewa kushika gia, linaletwa kwangu, na dereva anaapa kwamba hakuna kibaya alichokifanya. Anasema kweli, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kumwonya.

Hapo inakuja sababu yangu ya pili. Klachi ya Hilux naibadilisha kwa siku moja: tunashusha giaboksi, tunaweka diski mpya, sahani ya kubana na beringi yake, na vyote vinapatikana mjini. Otomatiki ina vali nyembamba, mihuri ya mpira na mafungu ya diski ambayo yanadai mahali pasipo na chembe ya vumbi, vifaa maalumu vya kupimia na vipuri vinavyoagizwa kutoka mbali. Kusema kweli, wengi wetu hapa tunachofanya ni kutafuta giaboksi nyingine iliyotumika na kuifunga tukiomba iwe nzima. Inaniuma kumlipisha mtu kazi ya namna hiyo.

Kuhusu kushuka, gia za mkono zina faida iliyo wazi. Ukiingiza 4L na gia ya kwanza kabla hujaanza mteremko, kisha ukaondoa miguu yote miwili kwenye pedali, injini inalishikilia gari yenyewe, kwa sababu kati ya injini na magurudumu kuna chuma kitupu. Kwenye otomatiki, hata ukiweka L, yaani gia ya chini, konvata huteleza kidogo kwenye mwendo mdogo, na gari linataka kukimbia kuliko unavyopenda, hivyo lazima usaidie kwa breki. Wanaoshuka Ngomo kutoka Nyangezi kwenda Kamanyola wanajua breki zinavyopata moto zikiachiwa kazi yote peke yake.

Jambo la mwisho, na hili mfundishe kila atakayeligusa gari hilo. Injini ikizimika katikati ya mwinuko mkali, usikanyage klachi. Watu hukanyaga kwa mazoea ya mjini, gari linabaki huru, linarudi nyuma, linageuka ubavu na kupinduka. Kanyaga breki ya mguu mpaka mwisho, vuta na ya mkono. Kisha, ukiwa umeshikilia breki, ndipo ukanyage klachi mara moja uingize gia ya nyuma, uachie klachi yote, na uwashe kwa ufunguo gia ikiwa imeingia. Achia breki taratibu huku stata ikilisogeza gari. Litashuka kinyumenyume, polepole, likiwa limenyooka, na injini ikiwa imelishika. Magari mengine hukataa kuwaka mpaka klachi ikanyagwe. Lijaribuni hilo kwenye uwanja tambarare kabla ya kwenda popote.

Dereva_Sake (Goma)

Fundi, heshima kwako, na uliyoyasema kuhusu joto nayakubali yote. Hata hivyo namshauri Katibu achukue otomatiki, na naomba anisikilize, kwa sababu mimi siishi kwa kutengeneza magari, naishi kwa kuyaendesha.

Huku kwetu kinachotutesa zaidi ni mawe. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021 na kuikata barabara ya kwenda Rutshuru. Kila aliyewahi kupita juu ya lava kabla haijasawazishwa anajua kwamba ni kama kupita juu ya chupa zilizovunjika, zenye ukubwa wa kichwa cha mtu. Hapo gari halipaswi kwenda, linapaswa kutambaa. Gurudumu moja linapanda jiwe, linakaa juu, linashuka, kisha la pili linafuata. Likidondoka kwa kishindo, ubavu wa tairi unachanika au sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, inatoboka. Kwa otomatiki ninaweka mguu wa kushoto kwenye breki na wa kulia kwenye mafuta, naviendesha vyote viwili kwa pamoja, na gari linashuka kutoka jiwe hadi jiwe kama mama anayemlaza mtoto. Kwa gia za mkono, hata kwenye 4L, inafika mahali ambapo injini inataka kuzimika, unakanyaga klachi kuiokoa, na papo hapo umelipoteza gari kwa sekunde moja. Kwenye mawe sekunde moja inatosha.

Sasa nirudi kwa watu wenu. Fundi ameeleza klachi ilivyo rahisi kubadilisha, lakini hajauliza itabadilishwa mara ngapi. Miaka michache iliyopita nilifundisha vijana wawili kuendesha gari la gia za mkono kwenye njia ya Masisi, vijana wasikivu kabisa, na katika miezi minne tuliunguza diski mbili. Hawakuwa wazembe. Kuondoka kwenye mwinuko ukiwa na mzigo, kwenye tope, bila kurudi nyuma na bila kuunguza klachi, ni ufundi ambao mwili hujifunza kwa muda mrefu, na wakati wa kujifunza huo hulipwa na gari. Bwana Katibu amesema wazi kwamba wawili kati ya madereva watatu walijifunza kwa otomatiki. Gari moja, watu watatu. Mimi ningehesabu watu kabla ya kuhesabu vipuri.

Na joto lina dawa. Mafuta ya giaboksi yapewe rejeta yake ndogo ya peke yake mbele ya ile kubwa, jambo ambalo fundi yeyote anayejua kuunga mipira ya mafuta anaweza kulifanya, na dereva aingize 4L mapema. Nafasi ya 4L huongeza nguvu kwa takriban mara mbili na nusu, injini inazunguka kwa wepesi, konvata haitelezi sana na mafuta hayachemki. Otomatiki nyingi zilizokufa milimani ziliuawa na madereva walioona aibu au uvivu kuingiza 4L.

Nina onyo moja kwa watakaochukua otomatiki. Herufi P, ile ya kuegesha, haishikilii gari kwa breki, inalishikilia kwa kijino kimoja kidogo cha chuma ndani ya giaboksi. Kwenye mteremko vuta kwanza breki ya mkono, uache uzito wa gari uikalie, ndipo uweke P. Na kama mkono wa 4L umeachwa kwenye N, yaani bila gia, basi P haishikilii kitu chochote, kwa sababu giaboksi imekatwa na magurudumu. Nimeona gari likiondoka lenyewe kwa njia hiyo, likiwa limezimwa, dereva yuko chini anafunga kamba. Hakuna aliyeumia, lakini sijaweza kuisahau siku ile.

Mzee_Bagira (Bukavu)

Naongeza neno fupi kuhusu hili la "gari la lami". Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ambayo hospitali na mashirika yote ya huku yanaijua, ilitoka mwaka 1984, na kwa miaka mingi tuliyoiona hapa ilikuwa ya gia tano za mkono. Mwaka 2023 Toyota yenyewe ilianza kuiuza ile ile ikiwa na injini ya lita 2.8 na otomatiki ya gia sita. Kiwanda kinachojua fika gari hilo linapelekwa wapi duniani kisingefanya hivyo kama otomatiki ingekuwa ya lami tu. Mzee mwenzangu aambiwe hilo kwa heshima, kisha aachwe atoe sababu zake nyingine, kwa maana naamini anazo.

Mama_Shamba (Lubumbashi)

Kaka Katibu, mimi nina shamba upande wa Kasenga, na mara kadhaa kwa mwaka naendelea kutoka Kasomeno kuelekea Kilwa na Pweto kununua mazao. Kwetu hakuna miinuko kama yenu. Tuna vumbi jekundu na mchanga kuanzia Mei mpaka Oktoba, kisha mvua zikianza Novemba tuna potopoto ambalo malori yamelichimba mpaka ukishuka unazama magotini. Nimeendesha aina zote mbili huko, kwa hiyo nitasema yale ambayo ndugu waliotangulia hawakuyagusa.

Kwenye tope refu na kwenye mchanga, kinachokuokoa ni kutosimama. Kila unapokanyaga klachi kubadilisha gia, nguvu inakatika, na tope linalishika gari katika nafasi hiyo ndogo, na ukimaliza kuingiza gia unakuta limeshakaa. Otomatiki haikati nguvu inapobadilisha. Anayetumia gia za mkono anaweza kulishinda hilo, lakini lazima achague gia akiwa bado mahali pakavu, mara nyingi ya pili kwenye 4L, kisha aishike mpaka atoke ng'ambo. Na wa otomatiki naye asiiache kwenye D, ile nafasi ya kawaida ya kwenda mbele, kwa sababu itapandisha na kushusha gia wakati usiotakiwa. Aifunge kwenye 2 au L.

Lakini nimelala porini mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na otomatiki. Mara ya kwanza betri ilikufa. Gari la gia za mkono husukumwa na watu wanne, likapata mwendo, ukaachia klachi kwenye gia ya pili, likawaka. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu injini isipozunguka pampu ya mafuta ya giaboksi haifanyi kazi na hakuna kinachoshika. Wanakijiji walikuja wengi, wakasukuma kwa moyo wote, nami sikujua la kuwaambia. Mara ya pili injini ilipata joto, na lori likajitolea kunivuta. Sababu ni ile ile ya pampu: giaboksi ikizungushwa na magurudumu huku injini imezimwa, vyuma vinasuguana bila mafuta, na kuvutwa mwendo mrefu kunaiua. Mwenye lori hakulijua hilo, mimi sikulijua, na gari lilipofika mjini lilikuwa na ugonjwa mpya juu ya ule wa zamani. Kwa gari lenye 4L ilitosha kuweka ule mkono mdogo kwenye N kabla ya kuvutwa, ili giaboksi ikae tuli. Laiti ningeambiwa mapema. Ndiyo sababu nawaandikia kwa urefu hivi.

Basi mkichukua otomatiki, nunueni siku hiyo hiyo betri ya pili na nyaya za kuazimishana umeme, na vihesabuni kuwa ni sehemu ya bei ya gari.

Kuna na jambo la mito, kwa kuwa nadhani mnayo mingi. Giaboksi zote mbili zina kipumulio kidogo juu yake. Giaboksi ikiwa ya moto ikaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia pale. Kwa gia za mkono unabadilisha mafuta na kuendelea na safari zako. Kwa otomatiki maji huzilainisha diski za ndani na kuzibambua. Mwombeni fundi arefushe kipumulio kwa mpira mpaka juu karibu na kifuniko cha injini. Ni kazi ndogo sana.

Na mtu akiwaletea gari la tatu, dogo, la bei nzuri, akawaambia nalo ni otomatiki, muulizeni ni otomatiki ya aina gani. Ziko zile ziitwazo CVT, ambazo badala ya gia zina mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili. Kwenye lami ni laini na zinakula mafuta kidogo, lakini mara nyingi huwa kwenye magari yasiyo na 4L kabisa, na mkanda ule haupendi kuvuta mzigo mzito polepole kwa muda mrefu. Kwa kilo 800 za kahawa, msilitazame hata kidogo.

Katibu_Kahawa (Bukavu)

Wazee wangu, kaka zangu na mama yangu wa Lubumbashi, nimesoma kila neno na nimemsomea mzee wetu dereva kwa sauti. Nilipofika kwenye ile ya Land Cruiser alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba anachoogopa hasa ni kuharibikiwa mahali pasipo na fundi, si kushindwa kupanda. Kwa hiyo naona mnazungumza jambo moja. Kesho kutwa tunaruhusiwa kuyajaribu magari yote mawili. Fundi, nikiwa mtu asiyejua kitu, niangalie nini ili nijue giaboksi ipi imechoka?

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Hilo ndilo swali ambalo lingetakiwa kutangulia, nami nimekosea kutolisema mwanzoni. Ndugu wa Goma ameniambia nihesabu watu, na ana haki. Ila kwa gari lililotumika, kwanza lihesabiwe gari lenyewe. Otomatiki iliyotunzwa ni bora kuliko klachi iliyochakaa pamoja na giaboksi inayolia, na kinyume chake ni kweli pia.

Anza na otomatiki. Liendeshe mpaka lipate moto, lisimamishe mahali tambarare, injini ikiendelea kuwaka na breki ikiwa imekanyagwa, upitishe mkono wa gia kwenye nafasi zote kisha urudishe P. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, ukifute kwa karatasi nyeupe, ukitazame na ukinuse. Mafuta mekundu yanayong'aa ni dalili njema. Yakiwa ya kahawia au meusi na yananuka kama kitu kilichoungua, diski za ndani zimeanza kwisha, na wala usikubali kuambiwa kwamba kubadilisha mafuta kutaponya. Yakiwa ya waridi na mazito kama maziwa, maji yameingia, ama mtoni ama kwa sababu rejeta imetoboka ndani na maji ya injini yanachanganyika na mafuta. Hapo ondoka bila kujadili bei. Kama gari halina kijiti, maana yapo yasiyo nacho, mwenye gari akubali fundi afungue skrubu ya chini apime huko.

Halafu, ukiwa umekanyaga breki na injini ikizunguka taratibu, toa N uweke D, uhesabu muda mpaka usikie gari limeshika. Rudi N, kisha weka R, ile ya kurudi nyuma, uhesabu tena. Muda huo haupaswi kuzidi takriban sekunde 1.5. Likichelewa, au likishika kwa kishindo cha kukutikisa, giaboksi imechoka.

Kwa gia za mkono, mahali tambarare, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, ingiza gia ya nne, ukanyage mafuta kidogo na uachie klachi. Injini inapaswa kuzimika papo hapo. Ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, diski inateleza, na gharama ya klachi mpya ipunguzwe kwenye bei. Usilirudie jaribio hili mara nyingi, kwa kuwa lenyewe linaila diski. Kisha liendeshe kwa kila gia, usikilize. Mlio unaokoma ukikanyaga klachi mara nyingi ni wa beringi ya ndani ya giaboksi. Gia inayochomoka yenyewe ukiachia mafuta kwenye mteremko ni mbaya zaidi kwenu, kwa sababu ndiyo hiyo mnayotaka iwashikilie.

Kwa magari yote mawili, ingizeni 4L na mlitembeze mita hamsini. Magari mengi huuzwa yakiwa na 4L ambayo haijaguswa kwa miaka, imeshika kutu, na mnunuzi anagundua akiwa tayari kwenye tope.

Katibu_Kahawa (Bukavu)

Tumerudi. Mzee, dada yule mtaalamu wa kilimo na mimi tulikwenda pamoja, na karatasi nyeupe nilikuwa nayo mfukoni. Mafuta ya otomatiki yalikuwa ya kahawia iliyokolea, na dada ndiye aliyeyanusa kwanza akasema yananuka kama sufuria iliyoungua. Kutoka N kwenda R nilihesabu karibu sekunde tatu. Muuzaji alisema kwamba gari lilikuwa limekaa muda mrefu bila kutumika, nasi tulimshukuru. Gari la gia za mkono lilizimika pale pale klachi ilipoachiwa, gia zote zilishika, na 4L iliingia kwa shida mara ya kwanza, mara ya pili ikaingia vizuri. Kamati imekubali kulinunua hilo.

Ndugu wa Goma, maneno yako hatukuyatupa. Tumetenga fedha za diski moja ya ziada, tukiijua kuwa ni ada ya kujifunza, na mzee ameahidi kuwafundisha hao wawili kila Jumamosi alasiri kwenye mwinuko ulio nyuma ya ghala letu, kwanza gari likiwa tupu, kisha na magunia machache, na mwisho na mzigo kamili kabla mvua za Septemba hazijaanza. Ninachoomba sasa ni kimoja: awaanzishe na kuondoka kwenye mwinuko kwa kutumia breki ya mkono, au awaanzishe na lile zoezi la injini kuzimika?

Dereva_Sake (Goma)

Mmefanya vizuri, na kwa mafuta ya rangi hiyo hata mimi ningeliacha lile gari. Aanze na kuzimika. Ingizeni 4L, awazimie gari makusudi kwenye mwinuko mdogo, mara kumi, mara ishirini, mpaka mguu wa kushoto usiruke wenyewe kwenye klachi. Asiyeogopa tena kuzimikiwa huachia klachi bila kuichelewesha nusu njia, na kule kuichelewesha ndiko kunakoiunguza. Breki ya mkono wataizoea baada ya hapo kwa siku mbili. Na siku ya kwanza ya mzigo kamili, mtu mmoja ashuke asimame kando ya gari, upande wa mlimani, akiwa ameshika kigingi cha kuzuia gurudumu.